Jeshi la Risasi Juu ya Meza

Sanduku la viatu lililokaa darini miaka thelathini hufunguliwa siku moja, pengine baada ya msiba, watoto wanapogawana vitu vya marehemu baba yao. Ndani yake, kati ya pamba na vipande vya gazeti, wamelala askari mia mbili wasiozidi urefu wa kidole gumba: wapanda farasi wa Napoleon, wapiga ngoma, mshika bendera aliyekatika mkono. Baadhi wamepakwa rangi kwa ustadi wa kumfanya mtu ashike pumzi. Wengine hawajaguswa na brashi, ni metali tupu ya kijivu. Na juu ya wachache, katika mikunjo ya makoti na chini ya matumbo ya farasi, umetanda unga mweupe mithili ya unga wa muhogo. Mjukuu wa miaka miwili amekwisha kumchukua mmoja na kumtia kinywani.

Unga huo si vumbi la dari. Ni kaboneti ya risasi, yaani metali yenyewe iliyoliwa polepole na mvuke wa asidi utokao katika mbao na makaratasi ya sanduku lililofungwa bila hewa. Watunzaji wa makumbusho ya Ulaya wanaufahamu vizuri, kwa kuwa makabati ya mwaloni, mbao wanayoithamini sana, hutoa asidi hiyo kwa wingi na kuziharibu sarafu, medali na vijisanamu vilivyohifadhiwa humo. Kwa mtunza makumbusho ni hasara ya mali. Kwa mtoto wa miaka miwili ni sumu iliyokwisha kusagwa na kuwa tayari kumezwa.

Lugha ya Kiswahili imeliita kwa jina moja lile pande linalotoka katika mtutu wa bunduki na ile metali laini, nzito, ya kijivu, ambayo pande hilo lilifanyizwa kwayo. Kwa hiyo jeshi la mezani ni jeshi la risasi lisilofyatua risasi hata moja. Madhara yake, yanapotokea, hayana mlio wala jeraha, na mara nyingi huchukua miaka kabla ya mtu yeyote kuyatilia shaka.

Mchezo wenyewe ni wa zamani na wa heshima. Chimbuko lake limo katika majeshi ya Prussia, ambako Reisswitz, baba na mwanawe, walitengeneza mwanzoni mwa karne ya 19 mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa. Toleo la mwana lilichapishwa mwaka 1824. Wakati huohuo mafundi wa Nuremberg walikuwa wakimimina askari bapa wa bati kwa ajili ya watoto. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London iligundua namna ya kuwafanya wawe na uwazi ndani. Metali iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu, ikaachwa kitambo kifupi mpaka ganda la nje ligande, kisha iliyobaki ikamwagwa. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, na watoto wa Uingereza wakajazana vyumbani majeshi ambayo hapo awali yalikuwa ya matajiri. Mwandishi H. G. Wells aliwatumia askari wa namna hiyo, pamoja na mizinga midogo ya springi iliyorusha vipande vya mti, na mwaka 1913 akachapisha kanuni za kuchezea sakafuni katika kitabu chake Little Wars. Mwaka uliofuata vita vyenyewe vikaja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mchezo huo ulikua na kuwa fani ya watu wazima. Vijisanamu vikapungua urefu, kutoka milimita 54 hadi 25 au 28, ili jeshi zima lienee juu ya meza ya kulia chakula. (Wapenzi wa fani hii hubishana hadi leo kama kipimo hicho huishia machoni au utosini, na hakuna dalili ya wao kupatana.) Miaka ya 1970 ilileta michezo ya mazimwi na wachawi, na kampuni kama Ral Partha ya Cincinnati na Citadel ya Uingereza zikamimina vijisanamu kwa maelfu katika kalibu za mpira zinazozungushwa kwa kasi ili metali ipenye hadi ncha za vidole na ukingo wa upanga. Metali iliyotumika ilikuwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, na sehemu kubwa mara nyingi ilikuwa risasi. Sababu ni rahisi kuieleza. Bati ni ghali, risasi ni rahisi. Na mchanganyiko wa viwili hivyo huyeyuka katika joto dogo kuliko kila kimoja peke yake, ukatiririka vizuri ndani ya kalibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjadala wa sheria mpya ya risasi katika jimbo la New York uliwatia watengenezaji hofu, nao wakaanza kuiondoa katika mchanganyiko wao. Wauzaji wakubwa wa Marekani na Uingereza wakahamia metali nyeupe yenye bati, antimoni na bismuti, na baadaye plastiki ikachukua nafasi kubwa zaidi. Hivyo kijisanamu kipya kinachonunuliwa leo kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana kwa kawaida hakina risasi. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini halimalizi habari. Metali haiozi kama mti wala haipitwi na wakati kama nguo. Mamilioni ya vijisanamu vya kabla ya miaka hiyo bado vipo, vinauzwa mitumba, vinarithiwa, vinabadilishwa baina ya marafiki. Tena vya zamani ndivyo vinavyotafutwa na kulipiwa zaidi.

Kuvitofautisha si kazi ngumu sana kwa jicho lililozoea. Askari wa risasi ni mzito kuliko umbo lake linavyoahidi. Mkuki wake hupindika kwa kidole na kubaki umepinda, bila ukinzani wala sauti, ilhali bati hupinga kidogo na likiwa safi hutoa mlio wa kukwaruza linapopindwa. Chini ya kitako, mahali pasipo rangi, metali yenye risasi nyingi ikiburuzwa juu ya karatasi nyeupe huacha mstari wa kijivu kama wa penseli. Vipo pia vijiti vya kupimia vinavyobadilika kuwa vyekundu au vya waridi vikigusa risasi. Hakuna kati ya vipimo hivi kinachotoa hukumu ya mwisho kama maabara, lakini vinatosha kumfanya mtu aamue kwamba kisanduku hiki hakitakaa katika rafu ya chini.

Kazi ya kupaka rangi huanza mbali na rangi. Kijisanamu kinapotoka katika kalibu huwa na mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na vijipande vilivyozidi miguuni na mikononi. Fundi huvikata kwa kisu chenye wembe, akasugua mstari kwa tupa ndogo mpaka upotee, akamalizia kwa msasa. Hapo ndipo penye hatari kuu, na ndipo penye tahadhari ndogo, kwa kuwa macho ya fundi yako kwenye koti la askari na si kwenye unga wa kijivu unaomwagikia mapajani. Unga huo huingia katika nyuzi za suruali, katika zulia, chini ya kucha. Fundi anapoinuka kwenda jikoni kuchukua kipande cha mkate, unga unakwenda naye.

Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji kabla ya kuwa mwanasiasa, alieleza jambo hilihili katika barua ya mwaka 1786. Herufi za chapa za zama zake zilimiminwa kwa risasi iliyochanganywa na antimoni, metali ndugu kabisa na ya askari wa mezani. Alikumbuka jinsi, akiwa kijana huko London, wapangaji wa herufi walivyopatwa na maumivu ya mikono hata wengine wakakaribia kushindwa kuitumia, na mzee mmoja wa kazi akamwonya asizipashe moto herufi wakati wa baridi. Wapo waliodhani sababu ni mvuke. Mmiminaji mmoja wa herufi alimweleza Franklin kwamba wafanyakazi walikwenda kula bila kunawa vizuri, wakala metali pamoja na mkate, naye akaliona wazo hilo lina maana, ingawa aliendelea kuuogopa mvuke. Zaidi ya karne mbili baadaye, ushauri wa kwanza anaopewa mtu anayesugua vijisanamu vya risasi haujabadilika: maji, sabuni, na brashi ya kucha kabla ya kugusa chakula.

Baada ya kusugua, kijisanamu huoshwa kwa maji ya sabuni, kikagandishwa juu ya kitako chake, kikapuliziwa praima. Kisha rangi za akriliki huanza kuwekwa tabaka juu ya tabaka, zikiwa zimezimuliwa kwa maji hadi kufanana na maziwa. Rangi ya giza huachwa itiririke katika mikunjo na kukaa huko kama kivuli. Brashi iliyokaushwa hupitishwa kwa wepesi juu ya miinuko ili nuru ionekane kuangukia hapo. Mwisho huja macho, nukta mbili ambazo nyingi zao hazizidi unene wa unywele, na watu wazima wenye kazi nzito za mchana huonekana wameziba pumzi, viwiko vimeegemezwa mezani, wakingoja mpigo mmoja wa moyo upite kabla ya kugusa. Hatimaye hupakwa vanishi. Tabaka hizo zote, tangu praima hadi vanishi, zina faida isiyokusudiwa: zinatenga metali na kidole. Askari aliyepakwa vizuri na asiyebanduka rangi si tishio kubwa kwa mtu mzima anayemsogeza mezani. Aliye uchi, aliyechubuka au aliyeota unga mweupe ni habari nyingine.

Ncha ya brashi nayo ina kisa chake. Brashi bora za fani hii hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa kicheche wa Siberia, na sifa yake ni kurudi kuwa ncha moja kali kila inapolowa. Njia ya haraka ya kuirudisha ni midomo. Wapakaji wengi hufanya hivyo bila kujitambua: chovya, paka, lamba, chovya tena. Rangi nyingi za akriliki zinazouzwa kwa kazi hii hazina sumu kali, lakini hazikutengenezwa ziliwe, na baadhi ya rangi za wasanii, hasa nyekundu, manjano na buluu fulani, zina kadimi au kobalti. Isitoshe, mkono ulioshika brashi ndio ulioshika tupa nusu saa kabla.

Wahudumu wa afya wanaijua historia iliyo mbaya kuliko zote kuhusu brashi na midomo. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, wasichana wa viwanda vya New Jersey, Connecticut na Illinois walipaka nambari za saa kwa rangi ya radiamu ing'aayo gizani, na walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Meno yao yaling'oka, taya zikaoza, damu ikaisha mwilini. Daktari wa meno Theodor Blum aliandika juu ya taya ya radiamu mwaka 1924, na mwaka uliofuata mchunguzi wa vifo Harrison Martland alionyesha kwamba mionzi ilikuwa imejikita katika mifupa. Kesi ya wasichana watano wa New Jersey ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1928. Hakuna anayesema akriliki ni radiamu. Lakini desturi ya mkono ni ileile, na mtu aliyezoea kulamba brashi katika rangi salama hataacha siku akinunua isiyo salama. Kikombe cha maji na kitambaa cha pamba hufanya kazi hiyohiyo.

Risasi ikishaingia mwilini hufanya ujanja wa kujifananisha na kalsiamu. Hupita milangoni ambako kalsiamu hupita, na huwekwa mahali kalsiamu huwekwa. Katika damu hukaa kwa mwezi mmoja hivi kabla ya nusu yake kuondoka. Katika mifupa hukaa kwa miongo ya miaka, na kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote ya mwilini iko huko. Kwa hiyo kipimo cha damu hueleza zaidi habari za majuma ya karibuni na hunyamaza kuhusu ujana wa mgonjwa. Mifupa inapoachia kalsiamu, kama wakati wa ujauzito, wa kunyonyesha au wa uzee, huachia risasi pia, na risasi hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi. Mama aliyecheza na sumu hiyo akiwa msichana anaweza kumrithisha mtoto ambaye hajazaliwa.

Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kwa kila mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu. Watoto wadogo hufyonza sehemu kubwa mara nne hadi tano ya risasi wanayomeza kuliko watu wazima, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Ubongo unaojengwa hauna namna ya kuirudia kazi iliyoharibika. Uwezo wa kujifunza hupungua, umakini hutawanyika, hasira huzidi, usikivu hufifia, na yote haya huweza kutokea bila mtoto kuugua hata siku moja kwa namna ambayo mzazi angempeleka hospitali.

Mtu mzima hulalamika kwa lugha isiyoeleweka: uchovu, kichwa, maungo, usingizi mbaya, tumbo linalokaza na choo kigumu. Shinikizo la damu hupanda. Damu hupungua kwa sababu risasi huvizuia vimeng'enya vinavyotengeneza himoglobini, na chini ya hadubini chembe nyekundu zinaweza kuonekana zimetapakaa nukta za buluu. Sumu ikiwa nyingi kiganja hulegea na kuning'inia, kama cha wale wachapaji wa London, na pengine ufizi huchora mstari wa buluu ulioelezwa na Henry Burton mwaka 1840. Mstari huo ni mzuri katika vitabu lakini haba katika vyumba vya matibabu, na kukosekana kwake hakumaanishi lolote.

Zahanati za Afrika Mashariki zina sababu nyingi mno za upungufu wa damu, malaria na minyoo zikiwa za kwanza, na si ajabu risasi ikawa ya mwisho kufikiriwa. Askari wa Napoleon ni wachache huku. Hata hivyo metali ileile huyeyushwa na mikono ileile ya nyumbani. Mvuvi wa pwani anayehitaji chubwi za mshipi wake hukusanya vipande vya risasi, mara nyingi kutoka betri kuukuu za magari, akaviyeyusha katika sufuria juu ya jiko la mkaa na kumimina katika kalibu ya mchanga au mti. Kitendo chake hakina tofauti yoyote na cha kijana wa Kiingereza aliyenunuliwa seti ya kumiminia askari wake mwenyewe jikoni kwa mama. Risasi huyeyuka katika nyuzijoto 327 za Selisiasi, joto ambalo jiko la kawaida hulifikia bila taabu. Watu huogopa mvuke peke yake, na mvuke huzidi kadiri joto linavyopanda. Lakini ile takataka ya unga inayoelea juu na kukwanguliwa kwa kijiko ni oksaidi ya risasi, nyepesi, ya kupeperuka, na huachwa sakafuni watoto wanapocheza. Tone la maji likidondokea katika sufuria hiyo hugeuka mvuke kwa kishindo na kurusha metali ya moto usoni.

Jinsi betri kuukuu zinavyoweza kuumiza mtaa mzima si jambo la kubuni. Wakazi wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, walioishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alikuwa amepata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda na sanduku la viatu haviko katika mizani moja. Mwili wa mtoto, hata hivyo, hauulizi risasi imetoka wapi.

Ndiyo maana swali la muuguzi au daktari lisiishie kwenye kazi ya mgonjwa. Karani wa benki mwenye maumivu ya tumbo yasiyo na sababu, shinikizo la damu lililopanda ghafla na damu iliyopungua anaweza kuwa fundi wa askari kila usiku, au mtengeneza chubwi kila Jumamosi, au mlenga shabaha, au msanii wa vioo vya rangi. Aulizwe anafanya nini baada ya kazi, na kwa mikono ipi. Akionekana kustahili kupimwa, damu itolewe katika mshipa. Ile ya kuchoma kidole huchafuliwa kwa urahisi na risasi iliyo juu ya ngozi, na kumtia hofu bure mtu aliyesahau kunawa. Matibabu ya kwanza daima ni kuondoa chanzo. Dawa za kunasa risasi mwilini zipo, lakini kwa watoto huanzwa kwa kawaida viwango vinapofika mikrogramu 45 kwa desilita, na mtoto anayetibiwa kisha akarudishwa katika nyumba ileile yenye unga uleule hajatibiwa.

Meza ya mpakaji ina hatari nyingine, ndogo na za haraka zaidi, ambazo chumba cha dharura huziona kabla ya kliniki. Wembe wa kisu huteleza na kuingia kiganjani, hasa ukiwa butu, kwa kuwa mkono husukuma kwa nguvu zaidi. Supagluu hugandisha vidole viwili. Vilowekwe katika maji ya sabuni yenye uvuguvugu na kutenganishwa kwa subira, si kwa kuvuta. Ikiingia jichoni, kope zisifunguliwe kwa nguvu: maji ya uvuguvugu, kitambaa laini kilicholowa, na daktari. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba supagluu ikimwagikia nguo ya pamba huchemka, na joto hilo limewaachia watu majeraha ya moto mapajani chini ya suruali. Praima ya kopo la kupuliza hubeba vimumunyisho vinavyoleta kizunguzungu, na mahali pake ni nje, upepo ukiwa mgongoni. Gundi ya udongo ya sehemu mbili inayofinyangwa kwa vidole kuziba nyufa huweza kuifundisha ngozi kuichukia, na ngozi ikishajifunza mzio wa epoksi haisahau.

Inafaa pia kusemwa kwa haki kwa nini watu hawaiachi kazi hii. Mtu aliyekaa saa mbili na brashi mkononi, akihamisha rangi moja kwenye ukosi wa askari mmoja, hana nafasi ya kufikiri deni wala ugomvi wa ofisini. Waganga wa tiba-kazi wanajua thamani ya kazi ndogo za vidole kwa mkono unaojifunza upya. Macho nayo hutoa taarifa mapema. Mpakaji wa miaka arobaini na kitu ndiye wa kwanza kugundua kwamba nukta za macho ya askari zimeanza kukimbia, miaka kadhaa kabla ya jirani yake kulalamikia maandishi ya gazeti. Taa nzuri, lenzi ya kukuzia na miwani ya kusomea humrudisha mezani. Shingo hupona haraka zaidi iwapo kijisanamu kitainuliwa hadi usawa wa uso kuliko kichwa kuinamishwa hadi mezani.

Lile sanduku la viatu halilazimiki kutupwa. Askari walioota unga mweupe hutengwa kwanza, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na hawasuguliwi vikavu. Aliye na ustadi huwasafisha kwa unyevu, amevaa glavu, juu ya magazeti yatakayokunjwa na kutupwa. Asiye nao huwaacha katika mfuko au kuwapeleka kwa anayejua. Wazima hupakwa rangi na vanishi. Meza hufutwa kwa kitambaa chenye maji, kamwe si kwa ufagio, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Kisha jeshi zima huhamishiwa katika kabati la chuma au la kioo lenye upenyo wa hewa, lisilo la mwaloni, kwenye rafu ambayo mtoto wa miaka miwili haifikii hata akipanda kiti. Naye mtoto, kwa kuwa kuna aliyemwona, huoshwa mikono na kinywa, na jina lake huandikwa kwa ajili ya kipimo cha damu.